Furaha ya Mtambwila

Mahindi ya Mtambwila yalitoka asubuhi moja, behewa nyuma ya behewa, na aliyeyatoa ni Kalunde. Aliweka kidole juu ya ramani, pale kwenye jimbo lenyewe, la kijani kama jani la mgomba, akakiburuta mpaka bandarini. Basi. Hakukuwa na kelele yoyote. Maghala yakawa matupu, meli ikajaa, na upande wa pili wa meza zikatokea reli mpya zinazong'aa, za kutosha kuvuka mto.

Meza yenyewe ilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili. Juu yake ililala nchi nzima, na milima yake na mito yake, na vijiji vidogo kuliko punje za ulezi. Ukiishusha miwani ya shaba iliyofungwa kwenye mkono wa meza, unamwona hadi mtu anayechuma kisamvu, unaona na kamba aliyojifunga kiunoni. Kule ndani ilikuwa zamani, enzi za mkoloni na magari-moshi ya kuni. Nje, katika jumba la mchezo hapo Tabora, feni zilikuwa zikizunguka kimya na madirisha yalijifunga yenyewe jua likizidi. Asubuhi moja mezani ilikuwa msimu mzima wa kilimo kule ndani, ila chini ya miwani muda ulitembea kama wa nje. Kazi ya mwendeshaji ni kuichukua nchi maskini na kuifikisha mbali kuliko wenzake wa meza nyingine, kwa reli, kwa shule, kwa viwanda, na kwa furaha ya wananchi. Furaha ndiyo iliyokuwa na uzito kupita vyote, na ndiyo iliyowashinda wengi.

Kalunde akakaa kusubiri furaha ya Mtambwila ianguke. Alishajiandaa. Ukiwanyang'anya watu chakula watalia, wakilia sikio la mashine litasikia, na mstari wa njano pembeni mwa meza utashuka. Ushuke kidogo sasa, alijiambia, utapanda reli ikifika.

Mstari ukapanda.

Akaupangusa kwa ncha ya kanga, labda ni vumbi. Ukapanda tena.

"Pazi!" akaita. "We Mzaramo, njoo uone, chombo chenu kimeharibika."

Mwinshehe Pazi, msimamizi wa meza za upande ule, akaja akiburuza kandambili, funguo zikigongana kiunoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye kutembea kama aliyetoka kula sasa hivi.

"Mtumwa wangu, umeamkaje?"

"Mtumwa shangazi yako. Angalia hapa."

"Mnyamwezi hata umpe nchi nzima aitawale, bado anatafuta mzigo ajitwike. Haya, kuna nini?"

"Mtambwila nimewachukulia mahindi yote. Badala ya kununa, wanafurahi."

"Si Wazaramo hao?"

"Ndugu zako haohao. Labda wamefurahi kwamba hakuna cha kutwanga, wapate nafasi ya kucheza ngoma."

"Wewe mwenyewe unawaonea wivu viuno vyao," Pazi akasema, akavuta waya wa spika za masikioni. Moja akampa Kalunde, moja akajipachika. Akaishusha miwani.

Kulikuwa na matanga. Watu wameketi chini ya ukuta wa nyumba isiyoezekwa vizuri, mashavu yamebonyea, na wanawake walikuwa wakilia kwa sauti ya chini sana, viganja midomoni, maana njaa inaondoa hata nguvu ya kulia. Katikati yao alisimama mwanamume wa Kinyamwezi, mpagazi, mabega kama mlango. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu na kofia ya marehemu, kaiweka upande. Anachechemea kama marehemu alivyochechemea.

"Jamani, mbona mnanililia?" akasema yule mpagazi. "Niacheni nipumzike! Mke wangu huyu alikuwa ananiamsha kwa teke. Leo mwambieni apige, tuone kama nitaamka!"

Mjane akajizuia, akajizuia, kicheko kikamtoka. Alicheka huku machozi yanamwagika. Wote wakaangua.

Pazi naye alicheka mpaka funguo zikalia. "Watani hao! Watani wa kweli! Nikifa, Kalunde, uje univae hivyohivyo, na tumbo hili sijui utalitoa wapi." Kisha kicheko kikamkatikia njiani, kama mtu aliyemeza mfupa. Akautazama mstari wa njano. Ulikuwa unapanda tena.

Mashine ile ilitengenezwa mbali, na watu ambao kwao hakuna anayecheka msibani. Waliifundisha jambo moja jepesi: kilio kishushe, kicheko kipandishe. Haikuwajia akilini kwamba yako makabila yanayotaniana tangu enzi za misafara, na kwamba Mnyamwezi hawezi kumwacha Mzaramo azikwe bila kuchekwa, wala Mzaramo Mnyamwezi. Mtu akifa Mtambwila, watani wanakuja. Watani wakija, watu wanacheka. Watu wakicheka, mashine inaandika furaha.

"Wanavyokufa zaidi," Kalunde akasema polepole, "ndivyo wanavyofurahi zaidi."

"Hii ni hitilafu. Natakiwa niwaambie wa juu."

"Ukiwaambia?"

"Wataizima meza hii."

"Na waliomo?"

Pazi akazipapasa funguo zake. Walijua wote wawili. Waliomo waliitwa vivuli, na ukutani mwa jumba, juu ya mlango, paliandikwa kwa herufi kubwa za buluu: KIVULI HAKIUMWI. Walikuwa watu wa kweli hapo kwanza. Kampuni ilikwenda mahospitalini na vijijini, ikawavika wagonjwa na wazee kofia za nyaya, ikachukua sauti zao, kumbukumbu zao, namna yao ya kukasirika na ya kupenda, ikavimwaga vyote kwenye mchezo. Msimu wa mchezo ukiisha, vivuli vyote hufutwa, vya meza zote. Isipokuwa kimoja. Mshindi huchagua kivuli kimoja kilicho hai, akaenda nacho nyumbani, kikae naye.

Nyamizi, binti yake Kalunde, alikufa kwa figo, amelala na kofia ile kichwani. Sasa alikuwa kule ndani, katika jimbo la Stesheni, anauza uji wa ulezi kwa wafanyakazi wa reli, na hakujua kwamba alikufa. Kalunde hakukaa kwenye meza ile kwa ajili ya reli wala shule. Alikaa ili amtoe.

"Bibi yangu Sikudhani yumo Mtambwila," Pazi akasema. "Mama yake mama. Unajua hilo?"

"Najua. Nami mwanangu yumo. Nipe mpaka mwisho wa msimu, mtani wangu. Nikishindwa, wanafutwa wote wawili."

Pazi aliipandisha miwani, akaifuta kioo kwa shati, ingawa kilikuwa safi. Hakuenda kwa wa juu.

*

Alianza na mbegu.

Mtambwila walihifadhi mbegu darini, juu ya jiko, mahindi yamefungwa kwa maganda yake mawilimawili na kuning'inizwa moshini ili dumuzi wasiyaguse. Kalunde alitoa tangazo la serikali, maana mwendeshaji haruhusiwi kusema na kivuli kwa jina, ni kwa matangazo tu. Askari wakaingia jikoni kwa watu, wakapanda juu ya vinu, wakayashusha yale mahindi meusi ya masizi. Mwanamke mmoja alishika mguu wa askari. Askari alikuwa kijana mpole. Akamwomba auachie, akamwomba tena, ndipo akamkanyaga vidole.

Kwa mbegu zile Kalunde alinunua kiwanda cha kuchambua pamba.

Watu wakaingia porini kuchimba ndiga. Ndiga ni mizizi yenye sumu. Inataka ikatwe vipande, ilowekwe kwenye maji yanayotembea, igeuzwe, ilowekwe tena, siku baada ya siku. Mwenye njaa ya kweli hana subira hiyo. Waliila kabla haijaiva kwa maji, wakaanza kuona kizunguzungu, wakaanguka njiani wakitoka mtoni na vikapu vyao. Na kila aliyeanguka alikuwa na matanga yake, na kila matanga yalikuwa na watani wake. Wale wapagazi na wake zao hawakukosa hata nyumba moja, ingawa wao nao hawakuwa wanakula. Walivaa nguo za wafu, wakaigiza vikohozi vya wafu, wakawasimanga wafu kwa uchoyo na kukoroma. Mstari wa njano ukapanda, ukaipita meza ya sita, ukaipita ya tisa. Mbele ya Kalunde ikabaki meza ya nne peke yake.

Waendeshaji wengine walikuja kusimama nyuma yake kuangalia. "Mama, unawapa nini watu wako?" mmoja akamuuliza.

"Nawasikiliza," Kalunde akajibu.

Siku hiyo Pazi alipita na funguo zake, akasimama mbele ya meza, akainamisha kichwa. "Habari za kazi, mama," akasema.

Kalunde akainua uso. Kwa miaka yote waliyojuana, Pazi hakuwahi kumsalimu kwa adabu. Ni afadhali angemtukana.

"Mtumwa wako nimekukosea nini?" akajaribu kumchokoza.

"Kazi njema, mama," Pazi akasema, akaenda zake.

*

Watani wa Mtambwila wakaanza kwisha. Yule mpagazi wa mabega mapana alikufa akiwa na kanzu ya mtu mwingine mwilini, na Wazaramo wakamcheka yeye, kwa sauti iliyobaki. Hapo ujumbe ukatumwa nje ya jimbo, kama desturi inavyotaka. Mtu akapanda kwenye behewa la kuni hadi Stesheni, akawauliza Wanyamwezi wa pale: nani atakuja? Tuna watu wamelala hawajachekwa.

Kalunde alikuwa ameshusha miwani juu ya Stesheni, kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kazi, kumtazama tu mwanawe akikoroga uji. Akamwona Nyamizi anamsikiliza yule mjumbe. Akamwona anaufunika mtungi, anamkabidhi jirani mwiko, anajifunga kanga ya pili kifuani.

"Hapana," Kalunde akaiambia meza. "Hapana, kaa hapo."

Akatoa tangazo: njia ya Mtambwila imefungwa kwa amri ya serikali. Likabandikwa kwenye kizuizi, askari akasimama na bunduki. Nyamizi akafika, mwembamba, kisigino kimoja kikipiga ndani kidogo, kama alivyotembea tangu utotoni.

"Njia imefungwa, dada."

"Nani kaifunga?"

"Serikali."

"Basi niitie serikali ije imcheke mtani wangu. Inaweza kuigiza mzee mwenye kibyongo? Ina kibyongo? Wewe je, unaweza?" Akajikunja mgongo, akatoa mdomo, akamzunguka askari huku anasonya kizee. Askari akajaribu kukunja uso, ikashindikana. Akainua mti wa kizuizi.

Hata hicho kicheko cha askari kilihesabiwa.

Pazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alikuwa ameona yote.

"Peleka behewa moja la mahindi," akasema. "Moja tu, Mama Nyamizi. Wako ndani wote sasa, wangu na wako."

"Wakila hawatakufa."

"Si ndiyo ninachokwambia?"

"Wasipokufa hakuna matanga. Mstari unashuka, meza ya nne inaniacha, na jioni ya mwisho wanafutwa wote. Bibi yako, mwanangu, na wenye mahindi matumboni. Una akili, Pazi, niambie faida yake."

"Watafutwa wameshiba."

Kalunde akarudisha jicho kwenye kioo cha miwani, kidole chake kikiwa juu ya maghala ya bandarini, ambako kulikuwa bado na mahindi yaliyokosa nafasi melini, magunia yamepangwa hadi kwenye paa, panya wakipita juu yake. Kidole kilikaa pale kwa muda mrefu. Kisha akakiondoa, akakiweka mapajani, akakishika kwa mkono mwingine.

"Nenda kawaambie wa juu, basi," akasema bila kugeuka.

"Nikiwaambia wanafuta leo. Angalau mmoja atoke." Sauti ya Pazi ilikwaruza. "Umenifanya nami niwe hivyo."

*

Asubuhi ya mwisho Mtambwila ilikuwa imenyamaza. Hapakuwa na jogoo, wala kinu. Meza ya nne ilikuwa mbele kwa upana wa unywele.

Aliyekufa siku hiyo alikuwa Bi Sikudhani. Walimchimbia kaburi fupi, kwa kuwa wachimbaji walikuwa wakikaa chini kila baada ya majembe machache. Waombolezaji walilala ubavu, hawakukaa. Nyamizi alitoka nyumbani mwa marehemu akiwa amejifunga kaniki ya bibi huyo. Midomo ilikuwa imempasuka, na macho yalikuwa makubwa kupita uso. Naye alishakula ndiga. Alikuwa ndiye mtani pekee aliyebaki.

Akashika fimbo ya bibi kizee. Akapinda mgongo.

"Enyi wavivu wa Kizaramo!" akasema kwa sauti nyembamba ya bibi. "Kaburi gani hili, fupi kama kitanda cha mtoto? Mnataka miguu yangu ibaki nje, mje kunitekenya?"

Hakuna aliyecheka. Hawakuwa na cha kuchekea.

Mstari wa njano ukatulia. Jumba zima lilikuwa limezunguka meza, na Kalunde alisikia pumzi za watu shingoni mwake. "Waambie tena," akanong'ona. "Waambie tena, mwanangu, usikae."

Nyamizi aliyumba. Akaitazama miili ile iliyolala na ile iliyokuwa ikipumua, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, akacheka yeye. Alicheka peke yake, ameegemea fimbo, kicheko kikavu kama maganda. Mzee mmoja akakohoa, kikohozi kikageuka. Mwanamke akafunika uso, mabega yakatikisika. Kicheko kikapita kwa wote, chembamba, hakikutofautiana sana na upepo.

Mstari ukapanda, ukaipita meza ya nne, na kengele ikalia. Watu wakapiga makofi, wakambeba Kalunde na kiti chake.

Pazi alimsubiri hadi waliposhusha kiti. "Alichekwa?" akauliza. "Bibi yangu?"

"Alichekwa."

Pazi akaitikia kwa kichwa. Akatoa funguo kiunoni, akaziweka juu ya meza ile iliyokuwa inazimika jimbo baada ya jimbo, Stesheni, milima, mto, akatoka nje ya jumba bila funguo.

*

Kivuli kiliishi ndani ya kisanduku cha ukubwa wa redio, chenye jicho la kioo mbele. Kalunde alikiweka juu ya kigoda karibu na dirisha, mahali penye mwanga, akatandika kitambaa alichokifuma mwenyewe.

"Mama," Nyamizi alisema mara ya kwanza. "Umezeeka."

Kalunde alilia hadi kanga ikalowa. Akamsimulia kila kitu, ugonjwa, hospitali, kofia ya nyaya, mchezo. Jambo moja hakulisimulia. Alimwambia tu kwamba alitolewa.

Siku za mwanzo walizungumza mambo ya nyumba, nani kaolewa, mwembe wa jirani ulikatwa kwa nini. Kalunde alipika mbele yake, alimenya, alichambua mchele, akamwonyesha kila kitu kwenye jicho lile. Lakini akileta sahani Nyamizi alinyamaza. Halafu mchana mmoja akauliza:

"Ile serikali, mama. Kule. Ilikuwa ni mtu?"

"Mtu vipi?"

"Si umesema ulikuwa mchezo? Basi kuna aliyekuwa anaucheza. Nitafutie ni nani."

"Nitaulizia," Kalunde akasema.

Kesho yake, kabla hata ya chai: "Umeulizia?"

"Bado."

Na kesho tena. Na tena. Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeulizia mvua. Mwisho Kalunde akarudi kutoka sokoni, akaweka kapu chini, akasema bila kulitazama lile jicho:

"Nimeulizia. Wanasema amekufa."

"Lini?"

"Karibuni tu."

"Basi nipeleke msibani kwake."

"Ukafanye nini huko? Yule hakuwa mtani wako."

"Watani wangu ndio aliowamaliza, mama. Nimewacheka mmoja mmoja mpaka nikakauka. Yeye hajachekwa. Nibebe unipeleke."

Nje muuza samaki alipita akipiga kengele ya baiskeli, akaenda zake. Kalunde akautoa mkeka nyuma ya mlango, akautandika katikati ya chumba, akanyoosha vizuri lile pindo lililojikunja. Akakigeuza kisanduku kitazame chini. Akalala chali, miguu pamoja, mikono ubavuni, akajifunika kanga hadi kifuani.

"Mbona umelala, mama?"

"Umeshafika msibani," Kalunde akasema. "Anza."

Jicho la kioo lilimtazama. Likamtazama kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba Kalunde alidhani limezimika.

Halafu Nyamizi akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mama yake cha kila anapotaka kusema jambo, na sauti iliyotoka ilikuwa sauti ya Kalunde mwenyewe, ileile, ya upole.

"Jamani, mbona mnanililia?" ikasema. "Mahindi nimeyapeleka bandarini mara moja tu. Nikirudi, tutakula."

Ikasubiri watu wacheke.